Binti wa Kaka Yangu na Pikipiki za Watu

Kaka yangu alikuwa bodaboda. Asubuhi moja aligongwa na lori kwenye Barabara ya Kilwa akiwa na abiria nyuma. Abiria akapona, yeye hakupona. Arobaini ilipopita mke wake alirudi kwao Masasi, kwenye mikorosho ya wazazi wake, na binti yao akabaki kwangu Mbagala ili amalize shule.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za wanafunzi kwenye kibaraza cha nyumba yangu, na kibaraza chenyewe kiko kando ya barabara. Tangu msiba ule kila pikipiki iliyopita ilininyanyua kwenye kiti. Nilikuwa naichungulia mpaka ikate kona, ndipo narudi kukaa, nikute mshono umekwenda upande. Majirani walidhani namsubiri mtu.

Binti alipomaliza kidato cha nne nilianza kumkalisha na kitambaa. Alikuwa msikivu, lakini mikono yake ilikuwa mizito kwenye uzi. Kitu pekee kilichomchangamsha ni cherehani ikigoma. Hapo utamwona anainama, anafungua vifuniko, anatia mafuta, anauliza hiki kinazungusha kile kivipi. Siku moja tukiwa tunakunja mapindo ya sketi, akasema bila kuinua uso:

"Shangazi, nataka kusomea ufundi."

"Si ndiyo huu ninaokufundisha?"

"Ufundi pikipiki."

Nikaweka mkasi chini. Nikamwuliza nani kamtia maneno hayo kichwani. Akasema hakuna, ameyafikiria mwenyewe. Nikainuka nikaenda uani, nikarudi, nikaenda tena. Sikuwa na la kufanya uani. Mwisho nikachukua simu nikampigia mama yake.

"Wifi, mwanao kachanganyikiwa," nikamwambia, nikamweleza.

"Wifi, mie niko mbali, wewe ndiye unayemwona kila siku. Akisema kitu, huwa anakimaanisha au anapiga porojo tu?"

Ilibidi niseme ukweli. "Anakimaanisha."

"Basi mtafutie fundi anayeeleweka, kabla hajajitafutia mwenyewe."

Nilitegemea angenisaidia kukataa. Badala yake akawa amenipa kazi.

Tukaanza kuzunguka. Pale Mbagala fundi wa kwanza alicheka, akasema huyu atafaa kuwachemshia chai. Wa pili hakucheka, ila aliwaita vijana wake waje wamwone, na jinsi walivyomwangalia nilimshika mkono tukaondoka bila kuaga. Tulifika hadi Chamazi. Kule mzee mmoja alikubali haraka, lakini gereji yake ilitazamana na kilabu cha pombe na walevi walikuwa wanapita katikati ya pikipiki kama uani kwao. Kila tulipokataliwa, au tulipokataa wenyewe, mimi moyoni nilipumua. Binti alikuwa anauliza tu, "Sasa kesho tunakwenda wapi?"

Tulimpata Mtoni. Alikuwa mtu wa Singida, umri wangu, na gereji yake ilikuwa banda la mabati lililopakana na duka la vipuri. Duka hilo lilikuwa la mke wake, na mke mwenyewe alikuwa ameketi pale akituona tunavyokuja. Hilo ndilo lililonituliza. Binti akamwamkia fundi, fundi akaitikia, kisha akamwuliza swali moja.

"Kitu kikikukatalia, unaweza kukaa nacho mpaka kikubali?"

"Naweza."

"Njoo Jumatatu."

Nikaingilia kati. "Nina sharti, fundi. Atengeneze, asiendeshe. Baba yake tumemzika kwa sababu ya vyombo hivi."

Fundi alinitazama, akamtazama binti. "Kwa sasa sawa, dada."

Mimi nilisikia lile neno sawa tu.

Wiki za mwanzo aliosha vyuma kwa petroli na kufagia banda. Alirudi nyumbani kucha nyeusi, harufu ikimtangulia mlangoni, lakini mdomo haukai kimya: leo kaona kabureta limefunguliwa, leo kashikishwa plagi, leo kajua kwa nini klachi inateleza. Mimi nilimsikiliza. Nikaanza kujitafutia safari za Mtoni. Mara vifungo vimeisha, mara zipu za huku si nzuri. Mke wa fundi alinipa kigoda kila nilipofika, na kila mara nilikaa muda mfupi tu, nasimama, nakwenda kuchungulia bandani, narudi. Hatimaye akaniambia, "Dada, hicho kigoda kina miiba?"

Siku moja binti alirudi akichechemea. Ekzosi ya moto ilikuwa imembabua muundini. Nikampaka dawa, nikamwambia kesho haendi, na keshokutwa haendi, yamekwisha.

"Shangazi," akasema taratibu, "wewe sindano imekuchoma mara ngapi?"

Nikafunika kopo la dawa, nikamwuliza lile nililokuwa nikiliwaza muda wote. "Ni kwa ajili ya baba yako? Niambie tu."

Akatikisa kichwa. "Kila mtu ananiuliza hivyo. Baba nilimpenda, shangazi, lakini siyo baba. Mie napenda injini. Imekufa, mtu kaisukuma mpaka kwetu kwa jua hilo, unaishika, unatafuta, halafu inawaka. Hata baba angekuwa muuza vitumbua, mie ningependa hivyohivyo."

Jibu hilo lilininyima raha kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, na mtoto hakuhitaji kufarijiwa. Nilimwona kama amemsahau kaka yangu. Kisha nikajiuliza, kwani mimi ninapokunja kola namkumbuka nani? Napenda tu mshono ukikaa. Akaendelea kwenda, nami nikaendelea na safari zangu za vifungo.

Ilipita miezi. Msimu wa mvua ulikuwa unakatika, fundi akapata msiba kwao, akasafiri. Binti alibaki na banda, mke wa fundi dukani pembeni. Aliruhusiwa kazi ndogondogo tu: kubadilisha oili, kukaza cheni, breki. Kazi ya kufungua injini ingemsubiri mwenyewe. Safari hii sikutafuta kisingizio. Nilifunga sare zangu kwenye kapu, nikaenda nazo Mtoni kumalizia vifungo kwa mkono, nimwone.

Mchana akaja bodaboda mmoja anakokota pikipiki yake. Breki ya nyuma ilikuwa haishiki.

"Fundi yuko wapi?"

"Kasafiri," binti akasema. "Nipo mimi."

Yule kaka akageuka kwangu. "Mama, wewe ndiye fundi?"

"Mie nashona," nikamwonyesha shati.

Alitaka kuondoka, naona, lakini hakuwa na pa kwenda. Alituambia ana wanafunzi wa kuwachukua shule saa za kutoka, watoto wadogo, wazazi wao wanamtegemea. Akaiingiza pikipiki bandani, akasimama kando amekunja mikono.

Binti alitoa tairi la nyuma. Mimi sindano ilinikaa vidoleni bila kushona. Alimwita yule kaka aje aone: mpira wa breki ulikuwa umelika wote, chuma kinasuguana na chuma. Akachukua mpya dukani, akasafisha ndani, akafunga, akarudisha tairi, akalizungusha na kukandamiza breki kwa mkono, akazungusha tena. Hakuharakisha. Yule kaka alikuwa anaangalia simu yake kila dakika, mimi naangalia barabara, yeye anaangalia tairi.

Alipomaliza yule kaka akasema, "Haya, ngoja niijaribu."

"Hapana, kaka. Nimeifunga mie. Kama nimekosea sitaki uanguke wewe." Kisha akanigeukia, akawa anafuta mikono kwa tambara, anafuta na pasipo na grisi.

"Unajua kuendesha?" nikamwuliza.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Fundi kanifundisha, uwanjani kule nyuma. Kasema barabarani sigusi mpaka wewe mwenyewe uruhusu."

Moto ulinipanda. Wamenizunguka, nikawaza, wote wawili, na huyu mama wa duka anajua, ndiyo maana kainamia vipuri vyake. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Lakini yule kaka alikuwa amesimama pale, na nilikuwa nawaona wale watoto, wamepangana nyuma yake na mabegi yao, wanateremka mtelemko kwa breki ambayo hakuna aliyeijaribu. Mwenye kujua kama imeshika ni aliyeifunga.

"Vaa kofia ya huyu," nikasema. "Funga mkanda. Hapana, kaza."

Aliikaza. Akawasha, akatoka kwa njia ya vumbi, siyo barabara kubwa. Shati la mtoto wa watu lilikuwa bado mkononi mwangu. Nikatoka mpaka njiani, nikarudi, nikatoka tena. Mlio ukaenda ukipungua, kisha ukakatika kabisa. Nikasema, imetokea. Mke wa fundi akanishika kiwiko. "Anafunga breki, dada. Sikiliza." Mlio ukarudi, ukakatika, ukarudi. Kila ulipokatika nilikufa kidogo.

Alitokea kwenye kona amekaa wima, kofia imemfunika nusu ya uso. Kwa jinsi alivyokaa nilimwona kaka yangu, nikalazimika kugeukia ukuta.

"Inashika," akamwambia yule kaka, "ila unakanyaga sana ndiyo ishike. Nipe kidogo." Akapiga magoti, akazungusha nati nyuma, akapanda, akaondoka tena. Safari hii hakuniangalia wala kuniuliza.

Yule kaka akaondoka na pikipiki yake kuwahi watoto. Akasema "Asante, fundi," na binti akaitikia kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.

Fundi aliporudi kutoka msibani nilimpa pole, kisha nikamtolea yote niliyoyaweka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. "Dada, nilikwambia kwa sasa," akasema. "Fundi asiyeendesha anabahatisha na roho za watu. Ila wewe ndiye mzazi, ndiyo maana barabarani nilimzuia." Nikamwambia angalau angeniarifu. Akakiri kwamba kweli, angeniarifu. Tuliishia hapo.

Mwaka huu, baada ya korosho kuuzwa, wifi yangu alikuja kututembelea. Hakutaka hata kupumzika, alitaka kwenda Mtoni. Tulimkuta binti amelala chali chini ya pikipiki kwenye boksi lililokunjuliwa, miguu tu ndiyo inaonekana, anabishana na mteja kuhusu mlio fulani. Mteja anasema unatoka mbele, yeye anasema si mbele. Mimi nikafungua mdomo nimwite, mama yake amesafiri siku nzima kumwona.

Wifi akanivuta kanga.

"Mwache kwanza amalize," akasema, akatandika mtandio wake juu ya tofali, akakaa.