Jina Nililompa Muuza Vitambaa

Juzi nilikuwa napekua kitabu cha majina, nikimtafutia jina mtoto ninayemtarajia, nikakutana na Cecilia. Maana yake: kipofu. Nikakifunika.

Jina hilo niliwahi kumpa mtu. Nilikuwa mtoto, mama amenipeleka Guangzhou, China, kwenye soko la vitambaa la Zhongda, nami nimekaa juu ya jora, nabambua karanga. Duka lilinuka rangi mbichi. Muuzaji, dada wa Kichina aliyeweza kutofautisha weusi wa vitambaa viwili kwa kuvitazama tu, alitaka jina la Kiingereza. Lake wateja wa kigeni hawakuliweza.

"Huyu wangu anasoma Kiingereza," mama akajigamba. "Mpe jina zuri, mwanangu."

Nikataja la jirani yangu wa darasani.

"Maana yake?" dada akauliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Malkia," nikasema. Nilidhani majina ya Kizungu ni sauti tu.

Alicheka kwa furaha, akaliandika kwenye kadi zake zote za biashara. Kisha akanieleza jina lake mwenyewe, alilopewa na babu yake, na maana yake, taratibu kabisa.

Mimi nilikuwa napanga maganda ya karanga. Maganda nayakumbuka. Jina silikumbuki.