Jina la Mama Mkwe Kwenye Pasi ya Treni

Mkitaka kucheka, chekeni. Nilijitolea kumkatia mama mkwe pasi ya treni, moja ya kuzungukia nchi nne za Ulaya. Dada wa ofisi ya safari hapa Toronto akaniuliza jina lake kwenye simu. "Lilingane na pasipoti, la sivyo hapandi."

Mimi namwita Mama, wanangu wanamwita Bibi, na majirani zetu wote wa mtaa wa Dixon wanamwita Mama Zuhura, kwa jina la mke wangu. Kumuuliza Zuhura, baada ya miaka yote ya ndoa, niliona aibu.

"Mama Zuhura," nikasema.

"Mama ndiyo jina la kwanza?"

"Nadhani."

Pasi ikaja. Mama mkwe akavaa miwani, akaisoma, akanitazama mbele ya ukoo mzima.

"Baba Salim, hivi mimi naitwa nani?"

Nikajibu, "Mama."