Tangazo la Mjane wa Bloku ya Mwisho

Mimi sina subira, na darasa zima lilijua hivyo siku waliponichagua niwe mratibu. Nadhani ndiyo sababu walinichagua. Chuo chetu cha sanaa kilikuwa nyuma ya Jogoo Road, si mbali na mahakama za Makadara, na mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa kazi moja ya watu wote: kipindi cha redio cha saa mbili, kitayarishwe na kutangazwa na wanafunzi wenyewe, moja kwa moja. Wachoraji, waigizaji, wanamuziki, sote ndani. Kikifaulu, tumefaulu sote. Kikianguka, tunarudia mwaka sote. Mwalimu aliyasema hayo huku akitabasamu, nami nikatamani kumtupia chaki.

Redio yenyewe hatukuwa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kutangaza hewani kulikuwa kwa serikali peke yake, na mwanafunzi aliyejaribu angejitafutia makubwa. Basi tukatumia waya. Tuliweka amplifaya katika darasa la nasari la mtaa wa jirani, tukavuta waya hadi kwenye spika, moja kwa kila bloku, na chifu akaturuhusu tutangaze Jumamosi moja alasiri. Nasari haikuwa na stima. Mzee mmoja wa bloku iliyopakana nayo, fundi wa mashine kiwandani, alituambia tuchomeke kwake, wala hakutaka hata soda.

Kuratibu wasanii kulinitoa jasho. Wanamuziki walitaka saa nzima yao peke yao. Wachoraji walikataa kupanda ngazi kufunga spika, eti mikono yao ni ya brashi. "Na miguu je?" nikawauliza. "Si mpande na miguu!" Wakapanda, shingo upande. Siku ya kujaribu mitambo, bloku za nyuma hazikusikia kitu. Kwenda kuangalia, kumbe kina mama waliona kamba mpya imepita nje, imekazwa vizuri, wakaianikia blanketi. Waya ulikuwa umelala matopeni. Nilifoka, nikafoka. Mama mmoja akanipima kwa macho toka juu hadi chini.

"Wee msichana, ulituuliza kabla ya kupitisha kamba yako hapa?"

Sikuwa nimeuliza. Tulikaza waya upya, nikapanga wanafunzi wawili wawili wa kulinda kila spika siku ya kipindi, wasibanduke hata mvua ikinyesha.

Wiki hiyohiyo ukatokea msiba. Ndugu yake yule mzee wa stima, aliyekuwa akiishi bloku ya mwisho, alifariki hospitalini. Walikuwa watu wa magharibi mwa nchi, na matanga yakaanza: viti nje, mikeka, jamaa wanaingia kila jioni. Nilienda kutoa pole na kuuliza kama tutangaze au tuache. Moyoni nilikuwa naomba asiseme tuache.

"Endeleeni," mzee akasema. "Marehemu alipenda redio sana. Ila nyimbo za kucheza, hapana."

Wanamuziki wakanung'unika, wakabadilisha nyimbo.

Alhamisi, baada ya habari za saa saba, redio ya taifa ikasoma matangazo ya vifo. Mtaa mzima ulisikiliza. Wakataja marehemu, baba yake, kijiji chake, mke wake aliyekuwa nyumbani kijijini, watoto wa huko, ndugu zake wote hadi yule wa mtaa wa Pipeline. Wakamaliza. Yule mama wa bloku ya mwisho, aliyeishi na marehemu chumba kimoja miaka na miaka, akamzalia watoto wawili na kuwapikia ndugu haohao kila walipokuja mjini, hakutajwa. Wala watoto wake.

Ijumaa jioni alinifuata nasari. Nilimfahamu, nilikuwa nikinunua sukuma wiki kwake. Alisimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni, akaikagua amplifaya kwanza.

"Hiyo redio yenu inafika wapi?"

"Hapa mtaani tu, mama. Haiendi mbali."

"Wa hapa ndio wanaonijua," akasema. "Nisomee tangazo. Kama lile la jana, lakini mimi na wanangu mtutaje."

Akanieleza kwamba tangu siku ya kifo wamemweka nyuma kwenye masufuria. Shemeji yake alimkataza kulia kwa sauti, maana kilio ni cha mke, na mke yuko njiani anakuja. "Sijalia bado," akaniambia. "Nilie nikiwa kama nani?"

Shemeji huyo ndiye mzee wetu wa stima. Mtu mwema kwetu, lakini plagi ilikuwa ukutani kwake, na angeichomoa tu. Nikapiga hesabu zangu haraka, nikajiona mjanja.

"Mama, nitalisoma mwisho kabisa. Hapo mtahini atakuwa ameshamaliza kutupa alama, hata shemeji akikata stima hatupotezi kitu."

Akaitikia kwa kichwa. "Mwisho ni sawa. Si huko ndiko wameniweka?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Nilishikwa na hasira, juu yangu mwenyewe na juu ya wale ndugu, yote kwa pamoja. "Hapana," nikamwambia. "Litakuwa la kwanza."

Jumamosi asubuhi niliwaeleza wenzangu. Ala! Walinirukia wote. "Umerukwa na akili?" mwigizaji mmoja akapiga kelele. "Nikirudia mwaka, babangu ananirudisha ushago nikachunge ng'ombe!" Nikawaambia uamuzi ni wao, lakini atakayekataa aende mwenyewe kumwambia yule mama. Wakaanza tena. Ndipo msichana wetu wa ngoma, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasema, "Mamangu ni mke wa pili. Soma." Hakuna aliyebisha tena. Mwigizaji akatoka amenuna, akaenda kusimama chini ya spika yake.

Saa tisa mtahini akaketi, miguu amekunja. Nikashika maikrofoni. Nilimtaja marehemu, nikamtaja baba yake, nikamtaja mke wa nyumbani na watoto wake kwa heshima yote, kwa kuwa hakuwa amemkosea mtu. "Pia alikuwa mume wa..." Taa nyekundu ya amplifaya ikazimika. Dirishani nilimwona mzee amesimama mlangoni kwake, plagi mkononi.

Mtahini akaangalia saa, akaandika kitu. Mimi nikapiga moyo konde, nikatoka nje uwanjani.

"Pia alikuwa mume wa!" nikapaza sauti hadi koo likaniuma, nikayataja majina yote matatu ya yule mama, na majina ya wanawe wawili. Wale wachoraji wa spika ya kwanza wakatazamana. Halafu, haki ya Mungu, wakageukia bloku ya pili wakayapaza vilevile nilivyosema. Bloku ya pili wakawapa wa tatu. Mwigizaji aliyenuna alikuwa na sauti kuliko sisi sote, na aliitoa yote. Hakuna aliyekuwa amewapangia. Nilisimama pale nikayasikia majina yale yakizunguka mtaa, yakipotea nyuma ya nyumba na kutokea upande wa pili, hadi bloku ya mwisho.

Kisha mwenyewe akalia.

Sijapata kusikia mtu akilia vile. Kina mama waliacha nguo kwenye mabeseni wakakimbilia huko na mikono yenye povu, wakalia naye. Mzee alibaki mlangoni. Baadaye akaingia ndani na kufunga, na stima hakuirudisha.

Mtahini aliandika kwamba kipindi hakikutangazwa. Mwalimu alijaribu kututetea, akashindwa. Tulirudia mwaka, darasa zima, na wapo walioacha kunisemesha kwa muda mrefu. Sikuwalaumu.

Siku basi lilipokuja kuchukua maiti kwenda kijijini, tulienda kusaidia kupakia. Wazee walianza kupanga watu, nani akae wapi. Mama wa bloku ya mwisho hakungoja kupangwa. Alipanda na wanawe wawili, akaketi kando ya jeneza, akaweka mkono juu yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.