Ngoma Kubwa Sikuivua

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, pamba imeshavunwa, nimefungwa ngoma kubwa kifuani, mkanda wa ngozi unanikata bega, na wanaume wa kambi wananiambia niivue. Mwanangu, nimesikia unasema wewe ni mtu mzima sasa, kujifunza kumekupita, watu watakucheka. Kaa nikueleze nilivyochekwa mimi.

Tulikuwa tunakaa kambi ya mgodi, upande wa Geita. Enzi za mkoloni hizo. Mume wangu Maduhu alikuwa anashuka shimoni, na mimi nina watoto wawili, Masanja na Kabula. Tulikuwa na mama mkwe wangu, Milembe, tuliyemwita Mayu, maana kwetu Usukumani mama ndiye mayu.

Wanaume wa kambi walikuwa wameanzisha beni, ngoma ile ya tarumbeta, inayochezwa kwa gwaride kama askari. Hakuna aliyezaliwa anajua. Rajabu wa Tabora, aliyerudi na tarumbeta kutoka vita vya Burma, ndiye aliyewafundisha wenzake, watu wazima wenye ndevu. Petro alipuliza tarumbeta ya pili, Limbu na Ng'wandu walishika ngoma ndogo, Shija akabeba ile kubwa. Majina yao yote ninayo. Zamu ikiisha wanakusanyika nyuma ya majiko, palepale tulipokuwa tunatwanga mahindi, na sisi tunasikia Rajabu anavyofoka:

"Kushoto! Wewe Limbu, mguu wako wa kushoto umeuacha shimoni?"

Tulicheka mpaka michi inatuponyoka. Lakini nilikuwa nasikiliza. Tukitwanga wanawake watatu kinu kimoja, kila mmoja ana nafasi yake ya kushusha mchi. Ukiwahi unagonga wa mwenzako, ukichelewa unaharibu. Nikaona ile ngoma kubwa nayo ndivyo ilivyo. Nikawa nashusha mchi wangu pamoja nayo, kila jioni, na mwenyewe sikumwambia mtu.

Basi Shija akaitwa kwao kulima, baba yake kafariki. Ngoma ikakosa mtu. Rajabu akajaribu huyu, akajaribu yule, wote wanaukimbiza mdundo kama wanafukuzwa na nyuki. Nikasimama na unga wangu mikononi.

"Nipeni mimi."

Petro akacheka hadi akakaa chini. "Mama Masanja, ukipiga ngoma, mchi ataushika nani?"

"Wewe. Mikono si unayo?"

Rajabu hakucheka. Alinifunga mkanda, akasema, "Piga tuone." Nikapiga. Sikupiga vizuri, nisikudanganye, lakini sikuukimbiza mdundo. Akaniambia njoo na kesho.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mayu alinisuta mbele ya majirani: "Mkamwana wangu amekuwa askari! Ngoma inakaa pale anapobebwa mtoto. Wajukuu wengine nitawaona wapi?" Maduhu alikula ugali wake, akanawa, akasema neno moja tu: "Kama hutaiacha, ipige vizuri." Nikaendelea. Malengelenge yalipasuka, nikayapaka mafuta ya ng'ombe, nikaendelea.

Sasa nikueleze mashindano yetu yalivyokuwa, maana nyie mmezoea mashindano ya zamu zamu. Kwetu baada ya mavuno makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, yanatazamana, yanapiga kwa wakati mmoja. Watu wanakwenda wanakovutwa. Jua likielekea kuzama, mtu wa mtemi anaangalia upande gani umejaa, na huo ndio ulioshinda. Hakuna kukata rufaa.

Tulipangiwa beni ya Katoro. Usifikirie Katoro hii ya bodaboda; ilikuwa vibanda na vumbi. Lakini walijua kupiga! Asubuhi hiyo Petro akasema mbele ya wote, "Tukishindwa leo, ngoma inarudi kwa mwanamume." Wakaitika, "Ndiyo!" Mimi sikuitika. Rajabu akaniinamia: "Usiwasikilize wale wa Katoro. Hatari ya uwanja huu ni kuvutwa na mkono wa mpigaji wao. Tazama miguu ya wachezaji wetu, basi."

Nikaitazama. Mpaka jua likapita kichwani upande wetu ulikuwa umejaa. Kisha mpigaji wao wa ngoma kubwa akabadilisha, akaanza kupiga kwa kuburuza, taratibu, tamu kweli. Nikanyanyua macho nimwone. Ni hapo tu. Mkono wangu ukamfuata. Nilipojishtukia nilikuwa napiga ngoma ya Katoro nikiwa nimevaa shuka la kwetu. Tarumbeta zikakosa pa kushika, wachezaji wakakanyagana, na watu wakatuhama wakicheka. Tulibaki na uwanja mtupu. Mtu wa mtemi hakuwa na haja hata ya kusubiri.

Petro akaja na mikono imetangulia kwenye mkanda wangu. "Vua."

"Sivui."

"Umetuangusha mbele ya Katoro nzima, mwanamke wewe! Vua, ukapike."

Machozi yalikuwa karibu, na kama yangetoka ningekuwa nimekwisha. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mwaka jana Shija alivutwa hivihivi, uwanja huuhuu. Nilikuwepo, nimembeba Kabula mgongoni. Nani alimwambia akapike? Mlimwambia ajifunze zaidi. Kosa langu ni la mtu anayejifunza. Ukilifanya la mwanamke, Petro, umelibadilisha wewe."

Limbu akatazama chini. Rajabu akajifuta jasho. Petro bado ameshika mkanda.

Nikaanza kupiga. Peke yangu, mdundo wetu, ule wa asubuhi. Nikatafuta miguu ya kuitazama, mchezaji hakuna. Palikuwa na miguu ya Mayu tu, aliyekuja na watu wa kambi kutazama; imepasuka visigino, imesimama mbele yangu. Nikaitazama hiyo. Petro akaachia mkanda, maana huwezi kumvua ngoma mtu anayepiga. Kule ng'ambo Katoro wanashangilia ushindi wao, na kijana wao mmoja akapita karibu akiwaambia wenzake, "Huyu mama hajaambiwa kuwa imekwisha?"

Mayu akamgeukia. "Ameambiwa," akasema. "Hataki."

Hakucheza, nisije nikampamba. Alisimama tu mpaka nilipomaliza mwenyewe. Nikiwa nafungua mkanda, akanipokonya virungu vya kupigia, akavifunga ndani ya kanga yake, akavibeba mpaka kambini. Petro alitembea nyuma yetu njia nzima na hakuthubutu kuviomba. Mlangoni Mayu akanirudishia. "Kesho utatwanga kwanza," akasema, "ndipo uende huko kwenu kwa kina Rajabu."

Nilikwenda. Nilipiga ngoma ile mpaka tulipohama Geita kurudi Shinyanga, na katikati hapo nikazaa Limi na Nyanzala. Mwaka uliofuata tulishindwa tena na Katoro, lakini safari hiyo iliyokosea ilikuwa tarumbeta ya Petro. Hakuna aliyemwambia akapike, na mimi nilihakikisha hakuna.

Sasa sikiliza neno langu. Ukijifunza ukubwani utakosea mbele za watu, na hakuna pa kujificha. Kosea. Lakini kosa lako liite kwa jina lake: ni la anayejifunza. Wapo watakaokuja mbio kuliita kosa la mwanamke, la mzee, la Msukuma, la asiyesoma. Wakatalie hapohapo, na mikono yako iendelee kufanya kazi wakati mdomo unakataa. Usiondoke uwanjani ukiwa umekosea, ukasema utarudi ukijua. Wengi niliowaona wakiondoka hivyo hawakurudi.

Mungu akupe bega la kubeba unachokitaka. Akupe na mtu mmoja, mmoja tu anatosha, wa kusimama mbele yako uwanja ukiwa mtupu. Na wakikuambia imekwisha, akupe kiburi cha kutosha. Nenda, mwanangu. Nimekubariki.