Udongo wa Pete za Mdogo Wangu

Mama yangu alikuwa mkali, na ukali wake nimeurithi wote, waulize majirani. Mikono yake sikuirithi. Uani kwetu Likasi alikuwa anayeyusha shaba na kuimimina kwenye vifuko vya udongo, ikatoka bangili, hereni, pete. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake. Wanawake walikuwa wanatoka mpaka ziwa Tshangalele na samaki wao kuja kubadilishana na vitu vya mama. Tangu hapo nimeona vito vingi vya madukani, na haki ya Mungu, bado sijaona vya kumshinda.

Ilikuwa ile miaka mibaya. Kiwanda kilikuwa hakilipi, maduka ya mjini yalikuwa yameporwa mpaka rafu zikabebwa, na watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Mchumba wa mdogo wangu alizaliwa mtaa wetu huuhuu, Kasai aliijua kwa kusikia tu. Familia yake ilikuwa inalala stesheni juu ya mizigo, inangoja treni. Mdogo wangu akasema anakwenda naye. Baba akasema binti yake hapandi treni kama hawara. Atapanda akiwa mke wa mtu, na pete kidoleni, ili huko ugenini asije akadharauliwa. Padri akakubali kuwafungisha Jumamosi. Pete sasa zitoke wapi? Za kuazima zisingerudi tena. Wote tukamgeukia mama, na mama akaangalia pembeni.

Mdogo wangu ndiye alikuwa kitinda mimba wake, sahani yao moja, vicheko vyao vimoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mama alikuwa amesimamisha kazi ya shaba tangu alipofiwa na mama yake, bibi yetu. Tulipofungua kopo lake la udongo, tulikuta bonge gumu, limepasuka juu. Mtu atasema, si mchimbe mwingine? Ule haukuwa udongo wa kuchimba asubuhi ukautumia jioni. Mama aliuchukua kwenye kichuguu cha mchwa, akauchanganya na unga wa makala, kisha akaulaza ndani ya kitambaa kibichi masika nzima mpaka unuke. Udongo mpya hupasuka motoni na shaba yote inamwagika. Kwa hiyo ni bonge lile, au hakuna harusi.

Mdogo wangu hakungoja kuambiwa. Kitu kimekauka, kipe maji: akamwaga bakuli zima ndani ya kopo. Hata mimi ningefanya vile. Mama alikuja, akatia kidole, akasonya. Nje ulikuwa utelezi mtupu, na katikati bonge ni lilelile. Akamwaga maji yote, akauvunja udongo kwa jiwe, akautandaza juu ya bati na kuuacha juani. Ijumaa inakaribia, treni inaweza kuingia wakati wowote, na mama anaanika udongo uliokwisha kukauka!

Mdogo wangu akashindwa kuvumilia. "Mama, weye unataka treni iniache," akamwambia.

Baba akaacha kufunga mzigo wa binti yake. Mimi nilingoja kofi, maana kwetu mama hasemwi hivyo, lakini mama alibaki ameinamia kazi yake. Alikuwa anageuza vipande vyake juu ya bati, kimoja kimoja, kama mtu anayechoma mahindi.

Baadaye alinieleza mimi, kwa sauti ya kunigombeza, kwamba udongo uliokauka nusu haunywi. Ngozi yake inajifunga na maji yanabaki nje. Lazima kwanza ukauke mpaka moyoni, hapo ndipo unakuwa na kiu. Na kweli, vipande vilipoanza kulia kama vigae, aliviponda, akachekecha unga kwa pazia kuukuu, akaumwaga polepole juu ya maji kwenye beseni, na akatukataza kuugusa. Ulizama wenyewe, ukanywa wenyewe. Ukinyweshwa kwa nguvu, alisema, unatapika. Baadaye aliukanda na tone la mawese, na jamani, niliushika: ulikuwa laini kuliko ugali wa foufou, haushiki mkono, haupasuki ukiukunja. Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka nikaona haya.

Alitengeneza pete mbili za nta ya nyuki, akazipaka udongo mwepesi kwa unyoya wa kuku, halafu mzito. Moto ukayeyusha nta, ikaacha nafasi yake ndani. Kwenye nafasi hiyo akamimina shaba ya nyaya, pamoja na kipande cha robine ya zamani, koki ya bomba la maji, ili itiririke vizuri. Alipovunja udongo, pete zilikuwa zima, hazina hata tundu la sindano. Akazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikawaka. Padri mwenyewe, kabla ya kuzibariki, aliigeuza ile ya bibi harusi mara mbili akiitazama.

Treni iliingia siku ya pili yake. Pale stesheni, kwenye msongamano na vilio, mdogo wangu alipiga magoti mbele ya mama kuomba msamaha kwa neno lile. Mama akamwinua, akamshika kile kidole chenye pete.

"Hapana, mwana yangu, ulisema kweli," akamwambia. "Minye nilitaka udongo ukatae, weye ubakie na minye hapa. Lakini mikono yangu haijue kufanya kazi ya mubaya."

Halafu akamsukuma apande, kwa sababu treni ilikuwa imeshaanza kutembea.