Uzi Usiopita Sindano

Katika nyumba ya marehemu mzee Zuberi, mzigo wa mgeni haukufunguliwa. Madina alilijua hilo tangu wiki ya kwanza ya ndoa yake. Siku hiyo alitaka kufua nguo za mgeni aliyetoka Kasongo. Alipopeleka mkono kwenye fundo, mkwewe, mzee Zuberi, akamshika kiganja, bila hasira.

"Mwanangu, mzigo ukishavuka kizingiti ni wa nyumba. Mtu akisimama mlangoni akauliza ya nani hii, unasema yetu. Wazee wetu walitoka Maniema wakilala kwa watu wasiowajua, na hakuna aliyewapekua."

Mzee alikufa. Amuri, mwanawe, fundi wa nguo wa Kabondo, alirithi cherehani, meza ya kukatia, na desturi ile.

Madina mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Shule aliishia darasa la tano, lakini macho na masikio yake yaliendelea kusoma. Kwa mlio wa kinu tu alijua jirani yupi anatwanga pondu, mboga ya majani ya muhogo, ya watu sita na yupi anatwanga ya wawili. Tangu uasi, vinu vingi vya mtaa vilikuwa vimebadili mlio.

Mwaka sitini na nne, waasi waliojiita Simba walipouchukua mji, walimkamata Amuri kwa kosa la kushona kaptula za askari wa serikali. Walimsimamisha uwanjani pamoja na wenzake tisa. Waziri, mtoto wa mama yake mkubwa, mvuvi wa Ubundu, alikuwa katikati ya Simba, ameshika mkuki ambao hata kuushika hakujua vizuri. Alimvuta Amuri kwa shati akawaambia wakubwa wake, "Huyu ni wangu." Basi. Amuri alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Wale tisa hawakurudi.

Halafu mji ukarudi kwa serikali, ukaasi tena, ukarudi tena. Kila mara ulirudi na watu pungufu. Ikawa zamu ya Simba kuwindwa. Waliotoka porini walitoka kimya, wakinyoa nywele, wakibadili majina, wakijifanya wauza samaki.

Hivyo ndivyo Waziri alivyokuja, mwezi wa kumi mwaka sitini na sita, kwa treni ya Ubundu, ambayo siku hizo ilifika ikipenda. Alikuwa amekonda hadi Mwanahamisi, mtoto wa miezi saba ambaye hakuogopa mtu, akaficha uso kifuani mwa mama yake. Alilala siku mbili. Aliondoka alfajiri, akaacha furushi lililofungwa kwa kitenge cha buluu.

"Nitalirudia," alisema.

Amuri akalisukuma chini ya meza ya kukatia. Hakuna aliyeligusa.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Madina alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni pale mlangoni. Wakaingia askari watatu na koplo wao. Mtu wa mtaani alikuwa amesema kuna mgeni aliyelala kwa fundi. Mgeni hawakumkuta. Koplo akatazama huku na huku, akaliona furushi, akalipiga teke la upole, kama mtu anayejaribu kama mbwa amelala.

"Oyo ya nani?" akauliza kwa Lingala, lugha ya jeshi.

Amuri alikuwa na pini mdomoni. Aliinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Iko yangu," akasema.

Alilisema kama mtu anavyojibu salamu. Kisha koplo akafungua fundo. Ndani mlikuwa na vifurushi ishirini na saba vya karatasi ya gazeti, kila kimoja kimefungwa kwa uzi mweusi. Akapasua kimoja, na harufu ya bangi ikajaa chumba ambamo mzee Zuberi alikuwa akisomea Kurani.

Koplo akautazama uzi. Akatazama vigurudumu vya uzi mezani. Akacheka.

"Alors, fundi! Kumbe hata hii unashona?"

Madina hakumtazama koplo. Alimtazama mumewe, akaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: Amuri alikuwa anakijua kilichomo ndani ya furushi lile kwa mara ya kwanza, saa ile ile pamoja nao. Angeweza kusema. Pini ilibaki mdomoni mwake hadi walipomfunga mikono, ndipo Madina akamsogelea na kuitoa, asije akaimeza.

Kule ofisini kwao askari walimwandikia karatasi kwa Kifaransa, wakamwambia atie sahihi. Akatia.

Wazungu waliokuwa wakisimama tribunali, yaani mahakamani, kutetea watu walikuwa wameondoka, na wengine wamekufa. Germaine, jirani wa upande wa kisima, ndiye aliyemwambia Madina juu ya Papa Lambert. Zamani alikuwa karani wa tribunali. Sasa alikaa na meza yake karibu na posta, akiandikia watu barua na kuwasimamia mbele ya juji.

"Lakini ana mdomo, yule baba," Germaine alimwonya. "Usikasirike."

Papa Lambert alikuwa mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Madina aliposema jina la mumewe, aliweka kalamu chini.

"Fundi Amuri? Wa Kabondo? Mama, suruali yangu iko kwake tangu Pasaka! Kila nikienda, kesho. Kila nikienda, kesho. Mutu wa kwanza mwenye kutaka ule bwana atoke, iko mimi!"

Madina alijikuta karibu anacheka, na aibu ikamshika. Akampakata mtoto upande wa pili.

Papa Lambert akaenda kuisoma karatasi ya koplo, akarudi kesho yake bila mzaha.

"Sikiliza, Mama Mwanahamisi. Wamemwandikia makosa mawili. La kwanza, kukutwa na bangi. Sheria hiyo iko ya zamani, ya Wabelgiji, na ingali inakamata. La pili, kuuza. Hilo ndilo bovu. Kukutwa nayo, atafungwa hapa mjini, utampelekea chakula. Kuuza, tena siku hizi, watasema aliuzia waasi. Atapelekwa mbali, huko mto unakoteremkia, na wanaopelekwa kule sijaona wakirudi."

"Nani aliona akiuza?"

"Hakuna. Ndiyo maana wameshika vile vifurushi. Wanasema mutu hafungi ishirini na saba kwa kuvuta peke yake. Na wanasema uzi iko uzi wa fundi, donc, basi, fundi mwenyewe ndiye aliyefunga." Akavua miwani. "Kwa lile kosa la kwanza, angenyamaza, ningekuwa na njia. Lakini aliulizwa, akasema ni yake. Akatia sahihi. Kwa nini alisema?"

Madina akamweleza desturi ya nyumba. Papa Lambert alisikiliza hadi mwisho.

"Basi mzigo una mwenyewe. Mumeo amtaje, na jambo limekwisha."

Siku ya kupeleka chakula, Madina alisimama kwenye foleni ya jela tangu asubuhi, mtoto mgongoni, sufuria ya muhogo kichwani. Alipopata nafasi ya kuongea kwenye wavu, alimwambia Amuri maneno ya Papa Lambert. Amuri alikuwa anamtazama mtoto.

"Ameota jino," akasema.

"Mawili. Baba Mwanahamisi, umesikia?"

"Nimesikia. Wakimpata Waziri, hafiki hata kwa juji. Unajua."

"Alijua alichokileta nyumbani kwetu! Wewe hukujua!"

Amuri akasogea, mdomo wake ukagusa wavu.

"Siku ile alisema mimi ni wake. Watu tisa walikuwa wamesimama wanasikiliza, Madina. Ukimtaja, usiniletee tena chakula."

Madina alirudi kwa miguu hadi Kabondo bila kujua barabara ilivyopita. Usiku na mchana alimchukia Waziri, na akijiuliza kama angekuwa na mume wa kumpelekea muhogo kama si Waziri, chuki ile ilikosa pa kukaa. Kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, akaivuta suruali ya Papa Lambert kutoka rundoni. Ilibaki pindo na vifungo.

Mwanahamisi alikuwa amelala mkekani. Madina akalamba ncha ya uzi, akaupenyeza kwenye tundu la sindano, na mkono wake ukasimama.

Aliuona tena uzi wa vifurushi, pale mkononi mwa koplo: mweusi, mnene, mgumu, ukisimama wenyewe kama sharubu za kambare. Si uzi wa kushona. Uzi wa aina ile aliwahi kuushika ukweni, Ubundu. Wavuvi wanauchemsha na magome ya mti ili usioze majini. Wanafumia nyavu.

Akaimalizia suruali, akaenda nayo posta begani.

"Papa Lambert, uzi ule hauwezi kupita sindano. Wakimpa Amuri cherehani na uzi ule, hatashona hata kifungo."

Macho ya Papa Lambert yakawaka. "Una hakika? Bon! Basi ni uzi gani?"

Madina akafungua mdomo. Akiutaja uzi, anawataja wavuvi. Akiwataja wavuvi, ameitaja Ubundu. Na Ubundu, nyumba ya mama mkubwa kila mtu anaijua. Akamfuta mtoto mate.

"Sijui," akasema.

Papa Lambert akaikunja suruali yake taratibu.

"Hujui. Vizuri. Ukae hivyo hivyo."

Siku ya tribunali, furushi lilikuwa mezani mbele ya juji. Papa Lambert alisimama na suruali yake mpya, akamwuliza koplo swali moja tu.

"Ulimwuliza ya nani kabla ya kufungua, ao nyuma ya kufungua?"

"Kabla," koplo akasema, akicheka. "Alijibu mbio kama mwanamuke anadai mutoto wake!"

"Donc alidai kitu asichokiona."

"Alidai kilicho chake," juji akasema. "Kama si chake, aseme ni cha nani."

Wote wakamgeukia Amuri. Amuri akatazama miguu yake. Juji akaandika.

Kisha Papa Lambert akamwita Madina. Alimwachia Germaine mtoto, na Mwanahamisi akaanza kulia saa ile ile, kilio kilichomfuata hadi mbele. Madina aliomba uzi wa kifurushi kimoja. Akachomoa sindano kutoka kwenye ukosi wa nguo yake, sindano kubwa kuliko zote za Amuri, ya kushonea turubai. Akalamba ncha ya uzi, akaisukuma. Ikapinda. Akalamba tena. Ikachanua kama ufagio. Juji akamwita karibu, akavaa miwani, akajaribu mwenyewe mara mbili, na watu wa nyuma wakaanza kucheka.

"Kweli haupiti," juji akasema. "Sasa huu ni uzi wa kazi gani?"

Kicheko kikaisha. Madina alimsikia mtoto wake, na karani akichovya kalamu.

"Mimi ni mke wa fundi, bwana juji. Uzi usiopita sindano siujui."

Kosa la kuuza lilianguka. La kukutwa nayo lilibaki, kwa sababu aliyesema ni yangu hakusema kingine. Miaka miwili, jela ya mjini. Papa Lambert alimpa Madina mkono kama mtu anayepongeza na anayetoa rambirambi kwa pamoja. Amuri, alipopitishwa mbele yake, alimtazama usoni, akainamisha kichwa kidogo tu.

Watu walimwambia ana bahati. Wateja hawakurudi, nani atavaa shati la nyumba ya bangi? Madina akabaki na viraka vya majirani. Mwanahamisi alijifunza kutembea kwenye foleni ya jela, akishikilia nguo za wanawake wa mbele.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mtu akabisha hodi. Alikuwa mama mkubwa Asha, mama yake Waziri, kutoka Ubundu, miguu imevimba. Kichwani alibeba mzigo uliofungwa kwa kitenge cha buluu, pacha wa kile cha kwanza. Akautua ndani ya kizingiti, akashusha pumzi.

Madina alimpa kiti. Alimpa maji. Halafu, kabla hajamwuliza habari za safari, kabla kizee hajanywa hata funda moja, alijiona anapiga magoti, na vidole vyake vikifungua fundo.

Samaki. Samaki wa kukausha, waliopangwa kichwa kwa mkia, na juu yao chikwangue nne, mikate ya muhogo. Aliinua kila samaki. Alitazama chini. Hakuna kingine.

Mama mkubwa alikuwa ameshika kikombe, hanywi.

"Ni vya Amuri," akasema. "Nilisema nimpelekee mwenyewe."

Kizee akainama, akawapanga samaki tena, kichwa kwa mkia, akafunga fundo.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. "Siku hizi ni lazima kutazama."

Lau angemtukana, ingekuwa nafuu. Walikwenda jela pamoja, mzigo kichwani mwa Madina, mtoto akitembea katikati yao. Kwenye wavu Amuri alinusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

"Samaki wa nyumbani. Umenifungulia mzigo?"

"Hapana," Madina alisema. "Ni wa mgeni."

Mama mkubwa aliinama kumfunga mtoto kiatu, ingawa Mwanahamisi hakuwa amevaa viatu.