Shuka la Laetitia, Mgongo Nje

Kila asubuhi, kabla ya kushika sindano, Victorine alianika shuka la bibi arusi kwenye kamba ya atelye, chumba chao cha kushonea, mgongo wake ukitazama barabara. Wapita njia wa Kasongo waone mafundo ya uzi, basi. Uso wa shuka la arusi hufunguliwa na mashangazi wa bwana arusi siku ya ndoa. Wengine wakitangulia kuuona, shuka limekwisha kuchakaa.

Siku ile mvua ilimkimbiza. Ilipokatika akalirudisha kambani harakaharaka, uso nje. Na Gaston, mchuuzi wa nguo wa Salamabila, akasimamisha piki yake.

"Eh! Mbuzi na jani la muhogo mdomoni!" Alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama Célestine, nishonee mengi kama hili. Kule watanyang'anyana!"

Célestine, mwenye atelye, ndiye aliyemfundisha Victorine kudarizi, na kwake ndiko Victorine alikokula na kulala. "Utamushonea, binti yangu."

"Hapana, Mama. Hii iko ya Laetitia."

Laetitia, bibi arusi mwenyewe, alikuwa amemnong'onea kila kitu: mbuzi wa Fabrice aliingia shamba la kwao, Fabrice akaja kuomba msamaha, na tangu hapo hakuacha kuja. Ndoa ilikuwa Jumamosi.

"Kwani Laetitia alinunua mbuzi wote wa Maniema?" Gaston akauliza.

"Mbuzi ni wa watu wote, Papa. Hii habari iko yake."

"Uko kichwa nguvu!" Célestine akafoka. "Acha shuka mezani. Naomie ataiga."

Naomie, mshonaji mwenzake Victorine, hakuinua macho.

Gaston akatoa simu apige picha. Victorine akaligeuza shuka. Simu ikapata mafundo. Hapo Gaston akashika pindo moja, Victorine akashika lingine. Kitambaa kikakazika, uzi mmoja ukakatika, tap.

"Vuta, Papa," Victorine akasema polepole. "Likipasuka, utaenda kumueleza bibi arusi wewe mwenyewe. Na mashangazi wakiwa pale."

Gaston akamtazama Célestine. Akaachia.

"Ukitoka na hilo shuka, usinirudilie hapa!" Célestine akapaza sauti.

Victorine alilikunja, mgongo nje, akachomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi. Jani lilikuwa bado halijaisha; angelimalizia kwa kina Laetitia. Akapita kando ya piki, ndani ya matope, kandambili zikinata.

Jioni Célestine alimwekea ugali. Ukapoa. Victorine hakurudi, wala kesho yake, wala baada ya ndoa.